Haki ya Kuchambua

Kabla neno uchambuzi halijaingia katika mpira wa miguu, lilikuwa limekwisha kukaa miaka mingi katika mikono ya watu wawili wasiojuana. Wa kwanza ni mchambuaji wa karafuu wa Pemba, aketiye mkekani jioni akizitenga karafuu na makonyo yake hata vidole vikabadilika rangi na kunukia. Wa pili yuko mbali na bahari, katika nchi ya Wasukuma kusini mwa Ziwa Viktoria, ambako pamba hupelekwa katika kiwanda cha kuchambulia ili nyuzi ziachane na mbegu. Neno ni moja na kazi ni moja, nayo ni kutenganisha vitu vilivyoota pamoja. Tena hakuna kati ya wawili hao atupaye kile alichokitenga. Makonyo hupelekwa Wawi yakatolewe mafuta, na mbegu ya pamba ama hukamuliwa ama hurudi shambani.

Leo atajwapo mchambuzi, wengi hawafikirii karafuu wala pamba. Humfikiria mtu aliyevaa koti, aliyeketi mbele ya kamera pamoja na wenzake wawili, akieleza kwa nini timu fulani imefungwa. Aghalabu mtu huyo aliwahi kucheza, na ndiyo sababu aliyopewa kiti. Hapo ndipo penye swali ambalo mashabiki hulipita kwa kelele, na ambalo linastahili kuulizwa polepole: kule kucheza kwake jana kunampa haki gani juu ya anayecheza leo?

Mfano ulio karibu ni wa Ally Mayay Tembele. Alikuwa kiungo wa Yanga na wa timu ya taifa, akapata kuwa nahodha, na alipotundika daluga akawa miongoni mwa wachambuzi wanaosikilizwa sana nchini Tanzania. Mwaka 2017 aligombea urais wa shirikisho la mpira wa miguu, TFF, katika uchaguzi uliofanyika Dodoma na kushindwa na Wallace Karia. Mwaka 2022 akaingia serikalini kuongoza idara ya maendeleo ya michezo. Safari hiyo ya kutoka uwanjani hadi kitini, na kutoka kitini hadi ofisini, wengine pia wameisafiri. Huko Uingereza Trevor Brooking, kiungo wa West Ham United, alistaafu mwaka 1984 akaingia BBC kuchambua, na baada ya miaka mingi ya kiti hicho akakabidhiwa dhamana za uongozi wa michezo, mwishoni akiwa msimamizi wa maendeleo ya mpira katika chama cha soka cha nchi yake. Mtu huyo aliyesifiwa kwa miguu yake hukumbukwa zaidi kwa kichwa, kwani ndicho kilichofunga bao la pekee dhidi ya Arsenal katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1980. Kumbukumbu ya watu haiulizi mchezaji alipenda akumbukwe kwa lipi.

Si bure kwamba wote wawili walikuwa viungo. Kiswahili kilipomtafutia jina mchezaji wa katikati, hakikwenda mbali. Kiungo ni maungio ya mkono na bega, ni kile kinachozuia mwili usiwe vipande. Kiungo pia ni bizari, hiliki, mdalasini, kile ambacho mlaji wa pilau hakioni sahanini lakini kikikosekana hujua kwa ulimi wa kwanza. Mfungaji huonekana, na mlinda mlango akikosea huonekana zaidi. Kiungo mkabaji aliyesogea hatua tatu ili pasi isipigwe hakuonekana na mtu, kwa kuwa jambo alilolifanya ni jambo ambalo halikutokea. Kwa hiyo, ikiwa yupo mchezaji mmoja ambaye maneno yake baada ya kustaafu yana kazi ya kufanya, huenda ni huyu. Alizoea kuona kisichoonekana, na mwenyewe hakuonwa.

Walakini hoja hiyo haitoshi. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na methali hii hupenda kuletwa na wachezaji wa zamani wanapotaka kuwanyamazisha waandishi wa habari ambao hawakupata kuvaa njumu. Methali ni ya kweli, lakini wanaileta kwa upande mmoja. Inasema kwamba aliyelala anawajua kunguni. Haikusema kwamba aliyelala jana na kuondoka ana ruhusa ya kumkemea anayejigeuza usiku wa leo. Kwa haki, yeye angekuwa mtu wa mwisho kumkemea, maana anajua kinachouma. Tena kitanda chenyewe hubadilika. Mchezaji wa miaka ya 1990 aliyezoea kiwanja cha vumbi na safari ya basi ya siku nzima hakupigwa picha na kamera kumi na mbili, wala kosa lake halikumfuata nyumbani ndani ya simu ya mpwa wake. Na kuna jambo jingine ambalo wastaafu wa kila fani hulijua na hawalisemi: mtu akishakaa, kasi yake ya zamani huongezeka kila mwaka.

Ipo zama ambapo hapakuwa na haja ya swali hili. Mwaka 1979 Taifa Stars ilikwenda Ndola kucheza na Zambia, ikatoka sare ya bao moja kwa moja, na kwa bao la Peter Tino ikapata tiketi ya kwenda Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980. Watanzania waliolishangilia bao hilo kwa sehemu kubwa hawakuliona. Walilipata kwa sikio, katika redio. Mtangazaji wa zama zile alikuwa macho ya watu wasiokuwapo, na dhamana yake ilikuwa ya shahidi: aseme alichokiona, asiongeze, asipunguze, na akishindwa kujizuia kuongeza basi aongeze utamu wa lugha na si idadi ya mabao. Katika kizazi kilichofuata Charles Hilary, mtoto wa Zanzibar aliyefariki Mei 2025, alijengewa heshima na sauti hiyo kutoka redio hadi redio na kutoka nchi hadi nchi. Hakuna aliyemuuliza alichezea timu gani. Shahidi haulizwi kama aliwahi kuiba, huulizwa kama alikuwapo.

Televisheni ilipochukua nafasi, ushahidi ukakosa soko, kwani kila mtu sasa anaona. Azam ilianza kuonyesha ligi kuu ya Tanzania msimu wa 2013/14, na mwaka 2021 ikatia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha ya namna hiyo haiwezi kutosheka na dakika 90. Lazima kabla ya mchezo pawe na maneno, na katikati, na baadaye, na kesho yake asubuhi. Mtazamaji aliyekwisha kuliona bao mara sita, mara mbili kwa mwendo wa kinyonga, hahitaji tena kuambiwa kilichotokea. Anataka kuambiwa ni kosa la nani. Ndivyo kiti cha shahidi kilivyogeuzwa kuwa kiti cha hakimu, bila ya mtu yeyote kutangaza kwamba kimegeuzwa.

Ili kuuona uzito wa mageuzi hayo inafaa kwenda mahali ambapo watu wamekuwa wakihukumiana kwa mchezo kabla ya kamera kuzaliwa. Bujora iko Kisesa, wilayani Magu, yapata kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya kwenda Musoma. Ni kilima chenye majabali, na juu yake yapo makumbusho ya Wasukuma ambayo Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza kuyajenga pamoja na wenyeji katika miaka ya 1950. Humo zimehifadhiwa ngoma za watemi, viti vyao vya enzi na mazana ya waganga. Lakini Bujora haijulikani kwa vitu vilivyotulia tu. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi ambayo mara nyingi huangukia Juni, hufanyika Bulabo, na hapo vyama viwili vya ngoma hukutana, Bagika na Bagalu. Masimulizi huvirudisha vyama hivyo kwa mafundi wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa mahodari wa ngoma na wa dawa, na ambao kila mmoja alitaka ijulikane nani zaidi.

Namna ya kushindana ndiyo inayofundisha. Kwa desturi makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Hapana meza ya waamuzi wala karatasi za alama. Uwanja ni mmoja na watazamaji ni walewale, nao ndio alama. Kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Mtazamaji akichoshwa na Bagalu huondoka akavuka kwa Bagika, na akisikia huku nyuma wimbo mpya umepandishwa hurudi. Hukumu yake ni miguu yake. Kila anapovuka huonekana, na jirani, na shemeji, na manju mwenyewe aliyemkimbia. Amesimama juani kama mchezaji alivyosimama juani, na vumbi linalotimuliwa linamrukia yeye pia.

Na kuna jambo kubwa zaidi ya hilo, nalo ni saa ya hukumu. Manju wa Bujora huiona hukumu ingali njiani. Anaona duara lake linapungua, naye bado ana pumzi na bado ana ngoma. Anaweza kubadilisha wimbo, kuwaita wenye majembe ya bugobogobo wayarushe juu, kumsema mpinzani kwa ubeti wenye ncha, akarudisha alichokipoteza. Hukumu inayotolewa wakati mhukumiwa angali anaweza kujibu si sawa na ile inayotolewa baada ya filimbi ya mwisho, taa zikiwashwa na mchezaji akiwa bafuni. Ya kwanza ni sehemu ya mchezo. Ya pili ni mazungumzo juu ya maiti.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba adabu hii ni ya Wasukuma pekee. Katika taarabu anayeridhika huinuka, hupita mbele za watu akamtuza mwimbaji, na noti hiyo imetoka mfukoni mwake. Katika ushairi jambo ni kali zaidi. Tangu zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa hata kurasa za mashairi za magazeti ya karne ya 20, aliyetaka kumkosoa mshairi hakuandika barua ya nathari. Alimjibu kwa shairi, kwa bahari ileile, vina vikiwa vimekaa mahali pake na mizani imetimia. Mkosoaji alilazimika kuingia ulingoni. Mshororo wake ukilemaa, watu walimcheka papo hapo, na hoja yake ikalemaa pamoja nao. Yumkini wapo waliokuwa na haki na hawakuwa na vina, wakanyamaza, na huo ni upungufu wa desturi ile. Lakini angalau kulaumu kulikuwa na gharama, na aliyelaumiwa alikuwa na zamu.

Mchambuzi wa televisheni analipa nini? Hatoi miguu wala noti wala vina. Yeye ndiye anayelipwa. Mchezaji anayechambuliwa hana zamu, na akithubutu kujibu huambiwa hapokei ushauri wa wakubwa. Mtazamaji wa sebuleni naye ana mfano wa miguu ya Bujora, yaani rimoti, lakini anapovuka kwenda idhaa nyingine hakuna anayemwona akivuka, na mchambuzi huendelea kusema kama kawaida mbele ya kiti kitupu.

Hata hivyo haifai kuipamba Bujora kupita kiasi. Umati nao hudanganyika. Wapo katika Usukuma wacheza ngoma wa nyoka, na chatu akitolewa mfukoni mwake watu hukimbilia huko, hata kama pembeni kuna manju aliyekesha mwezi mzima akitunga. Kama idadi ndiyo haki, basi mwenye chatu ana haki zaidi ya mwenye wimbo. Vyombo vya habari vimelielewa somo hili la chatu vizuri mno. Mchambuzi anayemwita mchezaji wa miaka ishirini kuwa ni "mzigo" hukusanya duara kubwa kuliko yule anayeeleza kwa utulivu kwamba kiungo alivutwa kulia, na beki akaachwa na watu wawili. Zaidi ya hayo katika Tanzania kuna chatu wa rangi mbili. Aliyecheza Yanga akimsifu Simba huitwa msaliti, akimlaumu huitwa mnafiki. Kila sentensi yake hupimwa kwa jezi aliyoivua miaka ishirini iliyopita. Lawama hiyo haina adabu, ila ndani yake pana chembe ya sheria ambayo mahakama zote huijua: shahidi na hakimu hawawi mtu mmoja. Mtu akisema "mimi niliyapitia haya", amejiweka upande wa mashahidi. Hawezi kusimama hapohapo akatoa adhabu.

Basi chukuliwa beki kijana wa timu ya mkoani, anayeteleza dakika ya 89 na timu yake ikafungwa. Picha inarudiwa. Kila mwenye macho anaona kwamba ameteleza, na kwa hilo hahitajiki mtaalamu. Aliyecheza anahitajika kwa yale ambayo picha haikuyachukua: kwamba nyasi za upande ule humwagiwa maji jioni, kwamba kijana amecheza mechi tatu ndani ya siku nane, kwamba pasi iliyomfikia ilichelewa kwa nusu pumzi, na aliyeichelewesha ni nyota ambaye hakuna anayethubutu kumtaja. Huko ndiko kuchambua kwa maana ya mkekani. Kosa la kijana lipo, halifichwi. Linatengwa na lililoota pamoja nalo, na kila kimoja kinawekwa kwenye ungo wake. Mchambuzi anayejua haya akanyamaza, akasema neno la chatu kwa sababu ndilo linalovuta watu, ameuza kitu alichopewa na wenzake aliocheza nao, kwa kuwa ujuzi ule hakuupata peke yake. Aliupata katika basi, katika chumba cha kubadilishia nguo, katika maumivu ya watu ambao wengi wao hawakupewa kiti popote.

Dunia imewahi kushuhudia hakimu wa aina hii akirudishwa juani. Gary Neville, beki aliyeitumikia Manchester United maisha yake yote ya kucheza, alikuwa mchambuzi anayeogopwa na kuheshimiwa Uingereza. Desemba 2015 alipewa kuifundisha Valencia ya Hispania. Februari 2016 timu yake ilifungwa mabao saba kwa bila na Barcelona katika nusu fainali ya Kombe la Mfalme, na kabla Machi haijaisha alikuwa ameondolewa. Waliokuwa wamechambuliwa naye walifurahi, na furaha yao ilikuwa ya kibinadamu ingawa haikuwa ya haki. Kushindwa kwake kufundisha hakukuthibitisha kwamba aliyokuwa akiyasema kitini yalikuwa ya uongo. Kuona na kutenda ni vipaji viwili. Daktari hahitaji kuugua ili ajue homa, wala mhakiki wa tenzi halazimiki kuwa na utenzi wake. Hoja inayomtaka kila mchambuzi athibitishe maneno yake kwa kazi ingewanyamazisha wengi wenye macho mazuri, na kumbakisha kila aliyefanikiwa hata kama ni kipofu. Lakini Neville alipata Valencia kitu ambacho kiti kisingempa. Alihukumiwa angali anacheza ngoma, duara likipungua mbele ya macho yake.

Kwa mizani hiyo uamuzi wa Mayay wa mwaka 2017 una maana zaidi ya matokeo yake. Mtu aliyekuwa na kiti salama, anayesikilizwa bila kujibiwa, aliyapeleka maneno yake kwa wapigakura wakayapime. Yalipimwa, na hayakutosha. Wapo wanaosema kwamba wajumbe wa mkutano mkuu si umati wa Bujora, kwamba huko kura huwa na hesabu zake, na kwamba mwenye hoja nzuri huweza kushindwa na mwenye marafiki wengi. Inawezekana. Lakini hata Bujora, chatu yupo.

Ofisi aliyoipata mwaka 2022 ni jambo gumu zaidi kulipima. Kwa upande mmoja ilikuwa kurudi juani: aliyekuwa akisema viwanja ni vibovu akawa mtu anayeweza kuulizwa kuhusu viwanja. Brooking naye, alipotoka BBC akaenda kusimamia mafunzo ya watoto wa Kiingereza, aliacha kazi ya kueleza makosa akashika kazi ambayo makosa yake yangeonekana baada ya miaka kumi. Kwa upande mwingine, ofisi nayo ina kiti, na mara nyingi ni kirefu kuliko cha televisheni. Ina katibu muhtasi mlangoni, na duara la watu wake halionekani likipungua.

Mwaka 2024 Pamba ya Mwanza, timu iliyopewa jina la zao lenyewe, ilirejea ligi kuu baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kutokuwapo, ikiitwa sasa Pamba Jiji. Vijana wake wanacheza mbele ya kamera ambazo wakubwa wao wa miaka ya 1980 hawakuzijua. Kila Jumamosi au Jumapili, mchezo ukiisha, wanaingia ndani kuvua viatu, na mahali pengine, ndani ya chumba chenye baridi na taa nyingi, watu watatu wenye makoti wanarekebisha vipaza sauti vyao na kuanza kuwachambua.